Benki Kumi na Tisa za Koboko

Wiki iliyopita binti mmoja alisimama kwenye uzio wangu hapa Ombaci, karibu na mji wa Arua, Uganda, tableti ameikumbatia kama mtoto anayenyonya, akaniuliza wakala wa benki anapatikana saa ngapi. Nikamwuliza wakala yupi. Akanigeuzia tableti: ramani, barabara, na nukta nyekundu juu ya kiwanja changu. Mwenzake alikuwa amepita na pikipiki siku moja kabla, akipiga picha kila bango la njia hii. Nikafuata macho ya binti hadi yalikokuwa yakitazama. Yalikuwa yanatazama banda la kuku.

Ni kweli, banda langu limeezekwa kwa bango la benki. Bango lenyewe ni zuri, bati nene, rangi haijapauka, na ukiwa barabarani unasoma bila shida: WEKA HAPA, TOA HAPA. Siwezi kusema ni uongo. Kuku wanaweka, mimi natoa.

Sikumcheka yule binti. Nilitamani sana, lakini sina haki. Mimi niliwahi kuandika kwa mkono huu, nikatia na sahihi, kwamba mji wa Koboko una milango kumi na tisa ya benki. Kwa hiyo nimevuta kiti nikaandika haya, yawafae nyinyi wa tableti, mnaotembea West Nile yote kwa kazi ile ile niliyoifanya mimi kwa kalamu na daftari.

Kazi yetu, kwa asiyeijua, ni kupima kama soko la mabenki limekusanyika mikononi mwa wachache, na kwa kiasi gani. Ukiieleza hivyo msibani watu wanakuachia benchi zima. Mimi nilikuwa naieleza kwa bakuli la nyama. Watoto wanne wamekaa na enyasa yao, ugali wa kwetu, bakuli katikati. Kila mmoja akila robo, yaani ishirini na tano kwa mia, unazidisha fungu la kila mtoto kwa lenyewe kisha unajumlisha: elfu mbili na mia tano. Sasa kaka yao mkubwa ale hamsini na tano, wadogo wapate kumi na tano kumi na tano: elfu tatu na mia saba. Watoto ni wale wale na bakuli ni lile lile, lakini kipimo kimeshamwona mlafi. Akila yote peke yake inatoka elfu kumi, na juu ya hapo hakuna kitu. Elfu kumi maana yake wengine wanalamba vidole vya jana.

Nimeeleza vizuri, sivyo? Basi mjue kwamba miezi mitatu ya kwanza sikuwa naelewa. Mimi ni mtu wa S4, yaani kidato cha nne, na hesabu nilipita kwa huruma ya aliyesahihisha. Niliambiwa nizidishe fungu kwa lenyewe, mimi nikawa nazidisha kwa mbili. Ukizidisha kila fungu kwa mbili, mafungu yote yakiwa mia, jumla itakuwa mia mbili hata upime nini. Arua ikatoka mia mbili. Nebbi mia mbili. Yumbe mia mbili. Mimi nikafurahi, nikaona mkono wangu umetulia.

Mkuu wetu wa ofisi alikuwa Madam Ayikoru, mwenye digrii mbili na umri wa kuwa binti yangu wa kwanza. Aliniita, akatandaza karatasi zangu mezani, akauliza kwa upole kwa nini miji yote inafanana. Nikamjibu kwamba West Nile ni moja, Madam. Alitoka nje kidogo. Nilimsikia akicheka kule kwenye tangi la maji. Aliporudi uso ulikuwa wa kazi, akanifundisha upya, na tangu siku hiyo sikukosea tena kuzidisha. Nilihamia kwenye makosa mengine.

Kwa mfano, msimwulize meneja fungu la benki yake. Niliwauliza wote wa Arua siku moja, kila mmoja ofisini kwake, chai mkononi. Nilipojumlisha majibu, Arua ilikuwa na asilimia mia moja na themanini. Kila mtu ndiye mkubwa. Tangu hapo nikawa naanza na muuza rolex, ile chapati ya kuviringia mayai, aliye nje ya benki. Yeye hana sababu ya kudanganya. Trei ya mayai ikiisha saa nne asubuhi, foleni ya ndani ilikuwa ndefu. Akikaa anasoma gazeti la kufungia chapati, hiyo benki ni jengo tu. Mkitaka kumlipa kwa habari zake, kuleni. Nilinenepa kazini kwa uaminifu.

Lakini kosa langu kubwa halikutoka kwenye hesabu. Lilitoka kwenye kiti.

Kiti hiki ninachokalia sasa. Kiko barazani, kimechukua umbo langu, na mke wangu Driciru anasema nyumba ikiungua mimi nitaomba nitolewe nacho. Kazi yangu ilikuwa ya kwenda na mimi ni mtu wa kubaki. Dunia yangu ilikuwa inaishia Manibe, hapo jirani tu. Baada ya hapo nilihesabu kuwa ni safari ya kuagwa na ndugu. Vijana mtashangaa, Koboko ni saa moja tu na lami ipo. Najua. Lami haikuwahi kuwa shida yangu.

Ikaja kazi moja ya maana. Benki moja kubwa ilitaka kuinunua benki moja ndogo. Majina siyataji, maana bado wananitumia ujumbe kila siku yangu ya kuzaliwa na watoto wangu hawatumi. Tuwaite Kubwa na Ndogo. Wakubwa wa Kampala, wenye ruhusa ya kukubali au kukataa, walituuliza swali moja kwa kila mji: Ndogo ikimezwa, wananchi watabaki na milango mingine ya kutosha? Mji wenye milango mingi, dirisha la Ndogo litafungwa. Mji wenye milango michache, litaachwa. Pale Koboko, benki ya Ndogo ilikuwa na dirisha moja.

Madam akanipa Koboko. Nikasema ndiyo, Madam. Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikampigia Rajabu.

Rajabu anaendesha boda Koboko, na tulifahamiana siku aliponiletea mzigo wa ndugu yangu. Nilimtumia muda wa maongezi, nikamwomba apite mji mzima ahesabu mabango ya benki na mawakala, anipigie picha. Rajabu ni mwaminifu kuliko mimi. Nilimwambia ahesabu mabango, akahesabu mabango. Kumi na tisa. Majina saba tofauti: mmoja ana mabango matano, mwingine manne, wawili wana matatu matatu, mwingine mawili, wawili wa mwisho moja moja. Nikapiga hesabu barazani, nikazidisha sawasawa kama nilivyofundishwa, ikatoka elfu moja na mia nane. Soko lenye afya. Watoto saba kwenye bakuli na hakuna anayelia.

Chini ya fomu yetu kulikuwa na mstari: Nilifika mwenyewe. Jina. Sahihi. Ndani Driciru alikuwa anaunga angara, vile visamaki vikavu, kwa karanga, harufu imeshafika barazani. Nikatia sahihi, nikaingia kula. Kampala walikuwa na haraka, kwa hiyo jedwali likatumwa kesho yake kama la awali.

Nilikuwa nimesahau desturi ya Madam. Yeye jedwali la mwisho hakuliachia mpaka lirudishwe kwa wenyewe. Hesabu ya mji inasomwa mbele ya watu wa mji, wanaikataa au wanaikubali, ndipo anatia mhuri. Alikuwa anasema daktari anayekupima damu asipokuonyesha majibu, huyo ni mbu. Nilitumaini atamtuma mwingine Koboko.

"Wewe ndiye unayeijua, mzee," akasema. "Umefika juzi tu."

Tukapanda pikapu ya ofisi. Tulipopita Manibe nilitazama nje kama mtu anayeagana. Madam akaniuliza pale Koboko sokoni kwa kawaida nakula wapi. Nikamwambia huwa sili, nikiwa kazini. Alinitazama tumbo.

Walitupokea upande wa soko unaouza tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo mama wa Kinubi wanasuka. Mwenye mkutano alikuwa Hajati Sitina. Babu yake alikuwa askari aliyetoka Sudan, na nadhani sauti ya kuamuru gwaride imebaki kwenye ukoo. Anaongoza kikundi cha akina mama thelathini wanaoweka akiba pamoja, nusu yao Wanubi na Wakakwa wa hapo, nusu wametoka Sudan Kusini kwa vita. Nikasimama, nikasoma jedwali. Nilipofika kwenye kumi na tisa wakaanza kucheka, nami nikatabasamu nikidhani wamefurahi.

Hajati hakucheka. Aliniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Mzee, wewe nafika Koboko siku gani?"

"Ile siku ya mvua," nikasema.

"Mvua hapana nyesha hapa mwezi mbili."

Madam akainama kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Alikitafuta muda mrefu.

Hapo Hajati akanieleza jambo ambalo fomu yangu haikuwa na mstari wake. Pale Kubwa, kikundi hakifunguliwi daftari mpaka kila mwanachama awe na kitambulisho cha taifa. Mama wa Sudan Kusini wana karatasi za ukimbizi tu, na wakienda dirishani wanaambiwa waende Arua, wakifika Arua wanaambiwa warudi kesho. Ndogo inazipokea karatasi zile. Kabla ya Ndogo kuja, akiba ya kikundi ilikuwa inalala kwa mama mmoja aitwaye Poni, kwenye sanduku, na nyumba ya Poni iliungua sanduku likiwa ndani. Poni mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo anasuka. Hakuinua uso.

"Hii karatasi yako nakwenda Kampala, dirisha nafunga," Hajati akasema. "Basi leo wewe fika. Chukua elfu ishirini yako, peleka kwa benki kumi na tisa. Moja ikubali, rudi na risiti. Sisi nangoja."

Nilitembea Koboko nzima saa saba mchana na noti ya elfu ishirini mkononi kama mtu anayetafuta aliyeiangusha. Rajabu alinisindikiza, bila kosa lolote, akinionyesha kila bango alilopiga picha. La kwanza lilikuwa ukuta wa kibanda cha chapati. La pili lilikuwa mlango wa choo cha saluni, na aliyekuwa ndani hakupenda nilivyobisha. La tatu lilikuwa meza ya ludo. Wachezaji wanne walisema wako tayari kunipokelea hiyo pesa, tena bila fomu. Kulikuwa na kibanda kimoja chenye mabango matano ya benki tano, na ndani yake msichana anauza soda na muda wa maongezi. Nilimwuliza naweza kuweka benki ipi.

"Bango iko, baba," akaniambia. "Benki hapana."

Watu wa benki walikuja wakamletea mabango, mmoja baada ya mwingine, na rangi ya bure. Mashine ya kuwekea pesa ya benki ya kwanza ililetwa, kisha wakaja kuichukua. Za wengine hazikuletwa kabisa. Nikamwuliza kwa nini basi haondoi mabango hayo. Akanionyesha jua lilipo: bango ni kivuli. Na watu wakitaka benki kweli? Akanyoosha mkono: Kubwa kule, Ndogo kule. Kila niliyemwuliza mji ule alinyoosha mkono hivyo hivyo, wengine bila kuinua macho. Kati ya mabango kumi na tisa, mawili ndiyo yaliyokuwa na mtu nyuma yake.

Niliporudi sokoni na noti yangu ile ile, imelowa jasho, Hajati alikuwa ameshapanga makopo saba ya maziwa ya unga, kila kopo jina la benki limeandikwa kwa mkaa. Pembeni maharage. Akawa anamwita kila anayepita, muuzaji, mnunuzi, mwenye boda: mara ya mwisho ulihudumiwa na nani? Sio unamjua nani, wala unapenda nani. Nani alikuhudumia. Tia haragwe moja. Andikeni swali hilo, vijana. Nimesoma madodoso ya kurasa ishirini yasiyolifikia.

Madam alihesabu mpaka watu mia moja, akasema basi. Nikafungua makopo. Matano yalikuwa matupu, isipokuwa moja Rajabu alilotupia maganda ya karanga. Kopo la Kubwa maharage sitini. La Ndogo arobaini. Nikapiga hesabu hapo hapo, nikiwa nimechuchumaa: elfu tano na mia mbili. Kiti changu kilikuwa kimesema elfu moja na mia nane.

Madam akauliza kwa sauti ndogo, na Ndogo ikinunuliwa?

Hajati akainama. Alichukua kopo la Ndogo, akalimimina lote ndani ya kopo la Kubwa, akalilaza lile tupu chini miguuni pangu. Poni aliacha kusuka.

"Haya, mzee. Piga hesabu yako."

Mia mara mia. Hiyo hata S4 haihitaji kalamu.

Njiani kurudi Madam hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema alijua kuwa sikuwa nimefika tangu kwenye swali la chakula. Akaniambia tatizo lilivyo. Jedwali la kwanza liko Kampala, lina sahihi yangu. Tukipeleka la pili, watakuwa na mawili mezani, na wenye haraka huchagua lililo tamu. La kwanza halifi mpaka aliyelizaa aseme lilizaliwaje. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne kustaafu. Ofisi yetu ilikuwa na desturi ya kumuaga mstaafu kwa mbuzi wa kuchoma na saa ya ukutani, na saa ile nilikuwa nimeshaitafutia msumari.

"Silazimishi," akasema. "Mimi mhuri wangu nitatia kwenye la makopo. Lakini sahihi ni yako."

Nilifika nyumbani nikakaa. Kiti kilinipokea kama siku zote, na kwa mara ya kwanza sikukipenda. Driciru akaniuliza Koboko ikoje. Nikamwambia ni karibu sana. Kisha nikaomba karatasi, nikaandika kwa mkono ili wasije wakadhani ni mashine imekosea: Jedwali la kwanza la Koboko nililitengeneza nikiwa nimekaa nyumbani. Sikufika. Lisitumike. Nikaweka jina na sahihi, ile ile.

Wenzangu walistaafu na mbuzi na saa. Mimi nilistaafu na barua ya onyo, na sina malalamiko, imeandikwa kwa Kiingereza safi kabisa. Driciru ameifungia chumvi.

Miezi ikapita kimya. Nilishaanza kuamini nimepoteza mbuzi bure. Kisha siku moja simu ikalia, nikasikia sauti ya gwaride: "Dirisha iko." Akakata. Hajati hapotezi muda wa maongezi. Baadaye Madam akanieleza: ununuzi umekubaliwa, ila dirisha la Koboko libaki wazi, na karatasi zile zipokelewe kama zamani, mpaka mji upate mlango mwingine wa kweli. Kama ni hesabu yangu, kama ni maharage, kama ni mhuri wa Madam, sijui. Mimi ningesema ni maharage.

Juma lililofuata Rajabu akatokea hapa Ombaci na boda yake, nyuma amefunga kitu kipana kinachozidi pikipiki. Ni bango la kwanza katika yale kumi na tisa, lililokuwa ukuta wa chapati. Hajati alikuwa amelinunua, akalipa na mafuta ya safari.

"Hajati nasema hii ndiyo saa yako ya ukutani," Rajabu akaniambia.

Baraza langu halikuwa na ukuta wa kulitosha. Nikaezekea kuku.

Hayo yote nilimweleza yule binti wa tableti, amesimama juani, maana nilisahau kumkaribisha kivulini. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza sasa aandike nini, kwa sababu tableti hairuhusu kuacha nafasi wazi. Nikamwambia aandike alichokiona. Akatazama banda kutoka pale pale kwenye uzio, akahesabu kwa kidole, akaandika, akanionyesha: Kuku kumi na moja. Benki hapana.

Nikamwambia kuku ni kumi na wawili. Yule wa kumi na mbili anaatamia nyuma, na haonekani mpaka mtu aingie uani na ainame.

Akaiweka tableti juu ya kiti changu, akafungua geti, akaenda kuinama.